Kizingiti cha mlango wa mama

Nyumba ya mama ipo Mbagala, Dar es Salaam, na mlango wake wa mbele unatazama upande inakopigia mvua ya masika. Sakafu ya ndani na baraza viko karibu usawa mmoja; aliyemwaga zege hakuacha hata kimo cha vidole viwili. Kila Aprili mama alikuwa anakunja magunia, anayasukuma chini ya mlango, halafu usiku anaamka kuyakamua. Mwaka huu nikaanza mapema, Februari, jua likiwa bado kali, nimwekee kizingiti.

Maji hayakunipa hofu kama miguu yake. Siku hizi anatembea kwa kuburuza nyayo, na kizingiti kirefu kingezuia mvua lakini kikamwangusha yeye. Nilipomweleza, aliniambia, "Sawa mwanangu, ila usinijengee tuta." Nafasi kati ya mlango na sakafu ilikuwa sentimita 2 na nusu. Basi kimo nikakiweka sentimita 2, na kingo zote mbili nikazipiga randa zilale mteremko.

Mbao ya mninga niliipata kwa maseremala wa Keko, upana wake sentimita 10. Niliikata iingie katikati ya miimo ya fremu, nikaacha milimita 2 kila upande, maana mti ukipata unyevu huvimba. Upande wa chini nikaupaka dawa ya mchwa, ikakauka, kisha vanishi mara mbili. Wengi hupaka juu tu, panapoonekana. Unyevu wa zege hupandia chini.

Nilipoweka pima maji sakafuni ndipo nikaona kazi ilipo. Katikati ya mlango, wanapokanyaga watu wote, palikuwa na bonde la milimita 6 hivi. Ungekaza mbao juu yake, ama ingepinda, ama maji yangepita chini kama mferejini. Hapa nilitumia siku nyingi kuliko kazi nyingine yote, na sijutii hata moja. Niru ya zamani, ule uso wa saruji uliolainishwa, ilikuwa laini kama sahani, na saruji mpya haishiki juu ya kitu laini, kwa hiyo niliigonga kwa patasi ya chuma hadi zege likakwaruzika. Nikaosha vumbi, nikapaka uji wa saruji, na kabla haujakauka nikajaza saruji kipimo 1 kwa mchanga uliochekechwa vipimo 3. Nikafunika kwa gunia lililoloweshwa siku 7, kisha nikapaacha pakauke wiki mbili.

Kabla ya kuendelea, ili nijue kama unyevu umekwisha, nilibandika kipande cha nailoni juu yake, nikaziba kingo zote kwa utepe wa gundi, kikalala usiku kucha. Asubuhi chini yake palikuwa na matone. Nikasubiri wiki nyingine, nikarudia, nailoni ikatoka kavu.

Kwenye drili nilikosea. Nilitoboa tundu la kwanza kwa biti ya zege ya milimita 8 nikaingiza fisha, kile kidude cha plastiki kinachoshika skrubu, vumbi likiwa bado ndani. Skrubu ilipokazwa, fisha nayo ikazunguka. Jirani yangu, fundi wa siku nyingi, akaniletea pampu ya baiskeli: puliza kila tundu mpaka lisitoe vumbi tena, na litoboe lizidi urefu wa fisha kwa sentimita moja. Tundu lile lililoharibika nililipanua hadi milimita 10 nikatia fisha nene. Mengine mawili yalishika mara moja.

Silikoni nikaipitisha mistari miwili chini ya mbao, nikakaza skrubu kidogo kidogo kwa zamu, nikaziba na ncha mbili zinazogusa fremu. Hapakukanyagwa siku nzima. Mama alipitia mlango wa uani. Kwenye mlango wenyewe, upande wa nje, nikapigilia ukanda wa mpira wa tyubu ya gari uguse kizingiti.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja usiku. Saa nane niliamka nikapitisha kiganja sakafuni: pakavu, isipokuwa kona ya kushoto kwenye fremu palikuwa na unyevunyevu. Kulipokucha na kona kukauka nikaiongezea silikoni. Mama alikuwa hajaamka hata mara moja. Magunia yake bado yapo stoo, yamekunjwa vizuri, na sijamwambia ayatupe.