Biskuti za miso, kutoka jikoni kwangu Aichi

Nyumba nyingi za kupanga hapa Japani hazina oveni. Unakuta jiko la gesi la mafiga mawili, katikati kijidroo cha kuchomea samaki, basi. Anayetaka kuoka hununua maikrowevu yenye oveni humo humo, na humo zinaingia biskuti chache kwa mkupuo. Ukifungua mlango kuchungulia, joto lote limekwenda. Usichungulie.

Ila kwa viungo, sisi wa mkoa wa Aichi hatuna cha kulalamika. Mji wa Nishio unalima chai ya matcha, ile ya kijani inayosagwa unga, na jirani yake, Okazaki, ndiko inakotengenezwa miso ya Hatcho, rojo zito la soya iliyochachushwa. Hiyo ni soya, chumvi na maji tu, haina mchele, inashindiliwa kwenye mapipa makubwa ya mbao na kurundikiwa mawe juu, ikae zaidi ya miaka 2. Inatoka nyeusi, nzito, na ina uchungu kidogo kwa mbali. Watu wa Nagoya, jiji kuu la mkoa wetu, wanaimwagia hata nyama ya nguruwe ya kukaanga. Mimi naitia kwenye biskuti.

Vipimo vyangu: unga gramu 150, siagi isiyo na chumvi gramu 80, sukari vijiko viwili vya chakula, miso kijiko kimoja cha chakula, ufuta mweupe uliokaangwa gramu 30. Unga ni ule laini wa keki, hapa unaitwa hakurikiko. Wa mkate utakupa biskuti ngumu. Changanya siagi na miso kwanza mpaka madonge yaishe, kisha sukari, mwisho unga na ufuta. Viringisha, weka kwenye friji igande, kata vipande vyembamba. Chumvi usiongeze hata chembe. Oka nyuzi 160 na usiondoke jikoni, kwa sababu miso huwahi kuungua. Anayependa pilipili anyunyize shichimi juu, ule mchanganyiko wa Kijapani wa pilipili na viungo vingine.

Huo ufuta nao una kisa chake. Japani inaagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni mmoja wa wauzaji wake wakubwa. Pakiti yangu imeandikwa nyuma kwamba umetoka Tanzania. Mtu wa Lindi mimi, nalipa yeni kununua ufuta ambao huenda wajomba zangu waliupima AMCOS, chama chao cha ushirika wa wakulima, ukapelekwa mnadani!

Za matcha ni nyepesi kueleza: unga ule ule, sukari gramu 60, matcha gramu 8, na moto ushuke hadi 150, la sivyo kijani kinageuka kahawia. Chai hiyo hufunikwa isipigwe na jua wiki kama 3 kabla ya kuchumwa, ndiyo maana ina rangi kali vile, na bei kali pia. Kwa kuoka nunua ya daraja la chini. Kusema kweli naona matcha inasifiwa kupita kiasi. Inapendeza kwenye picha, lakini mdomoni miso inaishinda.

Jirani yangu, mama mtu mzima, akionja husema hazina utamu mwingi. Hapa hiyo ni sifa kubwa. Watanzania wenzangu wa Nagoya wakionja zile zile za matcha huniuliza sukari imepanda bei lini. Kwa hiyo wao nawaongezea gramu 30, na za miso naziacha zilivyo, maana kwa chai ya maziwa yenye iliki hakuna aliyewahi kuzilalamikia.