Nani alichomoa plagi?

Jumatatu saa moja asubuhi, nimetoka Buguruni nimebanwa kwenye daladala, nafika maabara nakuta inkubeta, kabati la kukuzia kuvu kwenye joto lisilobadilika, iko kimya. Kipimajoto ndani kinasoma 33. Nilikuwa nimeiweka 25, joto linaloipendeza kuvu ya Colletotrichum, ile inayoleta madoa meusi kwenye maembe.

Ijumaa niliiacha ikiwa nzuri jamani! Siku kadhaa kabla nilikuwa nimekata vipande vya embe pembeni ya doa, nikavisafisha kwa jiki, nikavisuuza, nikavipanda kwenye sahani za agari ya viazi, yaani chakula cha kuvu kilichogandishwa. Sahani nikazilaza kifudifudi ili matone ya mvuke yasidondokee kuvu. Kufikia Ijumaa utando ulikuwa mweupe kama pamba, katikati umeanza kupiga rangi ya chungwa. Hizo ndizo mbegu zake, ndizo nilizokuwa nazisubiri nikazitazame kwenye hadubini.

Sasa sahani nne zimevamiwa na kuvu nyingine, Aspergillus, nyeusi tii. Yenyewe joto la Dar haliisumbui hata kidogo, yangu ndiyo imesinzia.

Nikajiandaa kulaumu umeme. Kumbe umeme haukukatika. Kwenye soketi ya inkubeta inaning'inia chaja ya simu. Mwenyewe hajajitokeza mpaka sasa.

Jioni napitia sokoni kutafuta maembe mengine yenye madoa. Muuzaji atanishangaa tena.