Hewa ukaa inaweza kuwa jiwe, ila sio kwa mawe haya ya Mwanza

Nafundisha kemia hapa Mwanza na kila nikigusia mabadiliko ya tabianchi lazima mwanafunzi mmoja aulize, ticha, si mji wetu umejaa mawe, kwanini tusiifungie hiyo hewa ukaa (kaboni dioksidi) humo humo? Mimi hili swali nalipenda sana maana limekaa karibu na ukweli kuliko wengi wanavyodhani.

Hewa ukaa kugeuka jiwe tunaiona darasani kabisa. Chukua maji ya chokaa yaliyochujwa vizuri, weka kwenye testi tyubu, pulizia na mrija taratibu, muda si mrefu yanageuka meupe kama maziwa. Ule weupe ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichotengeneza mawe ya chokaa ya kule Amboni Tanga, yaani pumzi yako imeshakuwa unga wa jiwe. Sasa chokaa yenyewe inapatikana kwa kuchoma mawe, na ukiyachoma hewa ukaa inatoka, kwahiyo ukitumia chokaa kuivuta unarudisha tu kile ulichotoa mwenyewe. Ndo maana wanasayansi wanatafuta mawe ya asili yenye kalsiamu na magnesiamu nyingi ambayo bado hayajashikana na kaboni.

Na hapo ndo granaiti yetu, yaani haya mawe ya Mwanza, inapoangukia. Pita pale wanapoponda kokoto, okota kipande kilichovunjika muda huohuo ukigeuze juani: utaona sehemu kubwa ni nyeupe, kijivu au pinki, afu kuna vidoa vyeusi vinavyometameta. Hiyo sehemu ya rangi nyepesi ni kwatzi na feldispa, haina magnesiamu ya maana. Magnesiamu iko kwenye vile vidoa vyeusi na ni vichache mno. Mawe ya Bismarck na Capri Point na yote yanayobeba nyumba za Igogo yamekaa na hewa miaka na miaka na kazi yaliyofanya kwenye hewa ukaa ni ndogo sana.

Jiwe linalofaa ni kama basalti, lile jeusi la volkano. Iceland kuna mradi unaitwa Carbfix, pale kwenye mtambo wa umeme wa jotoardhi wa Hellisheiði, mwaka 2012 walianza kuyeyusha hewa ukaa kwenye maji wakayasukuma chini kwenye basalti. Maji yale yana asidi kidogo, yanakula jiwe, jiwe linaachia kalsiamu na magnesiamu, vikikutana na kaboni vinaganda kwenye matundu ya mwamba. Watu walitegemea ichukue mamia ya miaka, matokeo yalipotoka 2016 ikaonekana zaidi ya asilimia 95 imeshakuwa jiwe ndani ya miaka miwili. Na hii ina maana kubwa kwa sisi wa maziwa makuu, tunaojua Kivu ina gesi nyingi imekaa chini, na tuliosikia ya ziwa Nyos kule Kameruni 1986 ambapo hewa ukaa ililipuka usiku ikaua watu kama 1,700. Gesi iliyofichwa unabaki unailinda. Ikishakuwa kaboneti hamna cha kuvuja.

Ila njia ya Iceland inakunywa maji, kama tani 25 kwa kila tani moja ya hewa ukaa, na watu wa Shinyanga na Kahama maji yao yanavutwa kwa bomba kutoka Ihelele huku Misungwi, siwezi kukaa nikashangilia mradi wa kugombania maji hayo.

Kinachonifanya niandike leo ni Mwadui. Almasi za Mwadui ziko kwenye kimbalaiti, jiwe lililopanda kutoka chini sana ardhini likiwa limejaa magnesiamu, na mgodi umekuwa ukilisaga toka miaka ya 40. Kusaga ndo sehemu inayokula umeme kwenye biashara hii yote, maana jiwe zima linafanya kazi taratibu mno, unga ndo unaoshika hewa haraka, na pale unga uko tayari. Na sio ndoto, kule Australia mabaki ya mgodi wa nikeli wa Mount Keith yalipimwa yakakutwa yanavuta kama tani 40,000 za hewa ukaa kwa mwaka bila mtu kuyafanyia chochote, na De Beers, kampuni ya almasi, nao mwaka 2017 walitangaza utafiti wa hivyohivyo kwenye mabaki ya kimbalaiti.

Tani 40,000 ni tone tu, dunia inatoa zaidi ya bilioni 35 kwa mwaka, kwahiyo asije mtu akatumia hii kama ruhusa ya kuendelea kuchoma makaa. Lakini sisi Tanzania tuna kanuni za biashara ya kaboni, yaani kulipwa kwa hewa ukaa unayoivuta au kuizuia, toka 2022, tuna kituo cha taifa cha kaboni pale SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, Morogoro, na stori zinazosikika karibu zote ni misitu. Misitu naiunga mkono kwa moyo wote, ila msitu unaungua. Kwanini rundo la mabaki ya Mwadui lisipimwe?

Na kupima kwenyewe sio jambo la kutisha. Ukidondoshea asidi ya haidrokloriki ikatoa mapovu ujue kuna kaboneti, shida tu ni kwamba kimbalaiti huwa inakuja na kaboneti yake tangu chini, kwahiyo mapovu peke yake hayatoshi. Unachukua mabaki ya miaka mingi iliyopita, unachukua na ya juzi, unalinganisha kiasi, na kama kuna tofauti unapeleka maabara wapime isotopu za kaboni, yaani aina za kaboni zinazotofautiana uzito, wajue ipi ilitoka hewani. Hatua ya kwanza anaiweza mwanafunzi yeyote wa jiolojia mwenye koleo, mifuko ya sampuli na barua ya ruhusa ya mgodi.