Jinsi nilivyotibu mapaja kwa ajili ya Boston, nikiwa Kigoma

Marathoni ya Boston, Marekani, huwamaliza watu kwa mteremko. Mbio zinaanzia Hopkinton, zinashuka mwanzoni, halafu kama kilomita ya 26 vinaanza vilima vya Newton; cha mwisho ndicho Heartbreak Hill. Mimi kila nikishuka mapaja yalikuwa yanawaka moto, maana kwenye mteremko msuli unajikaza huku unavutwa, na hapo ndipo unapoumia.

Dawa niliipata barabara ya Lumumba. Nikawa nashuka kutoka Mwanga hadi stesheni kwa hatua fupi za harakaharaka, magoti yamekunjwa kidogo, mguu unatua chini ya mwili, si mbele yake. Kamba za viatu nilizikaza kifundoni ili vidole visigonge mbele. Maumivu ya kesho yake yapo. Ngoja yaishe ndipo urudie. Miguu ilipozoea, nikaanza kukimbia Mwanga hadi Ujiji na kurudi, nashuka stesheni, kisha napanda tena nikiwa nimechoka. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Mkimbiaji wetu Juma Ikangaa alimaliza wa pili Boston mwaka 1988, 1989 na 1990, kwa hiyo njia ile naiheshimu sana. Newton niliipanda yote nikikimbia, na mapaja yalinifikisha Boylston Street, mbio zinapomalizikia.