Vera Stark kafika Mwanjelwa
Jumamosi jioni tumesoma igizo la Lynn Nottage, mwandishi wa Kimarekani, lile la 2011, By the Way, Meet Vera Stark, kwenye kaukumbi kamoja hapa Mwanjelwa, Mbeya, baridi la Juni kila mtu na koti lake. Stori ni Hollywood miaka ya 1930, Vera ni hausigeli wa staa mzungu, na yeye anataka kuigiza, sasa nafasi inayopatikana ni ya hausigeli tena, mtumwa kabisa, na bado yeye na wenzake weusi wanaigombania kweli kweli!

Dada aliyesoma Vera alishika sinia la chai, akiongea na bosi kichwa chini, bosi akitoka tu shingo inanyooka na sauti inashuka inakuwa ya kwake, tukacheka halafu tukanyamaza. Na si ya kutunga tu, maana Hattie McDaniel alichukua Oscar 1940 kwa kuigiza mtumishi wa ndani, mweusi wa kwanza kuipata, na usiku huohuo kakalishwa meza ya pembeni mbali na waigizaji wenzake.

Sehemu ya pili ya igizo, wasomi wanabishana kuhusu Vera, mi naona imerefushwa mno. Ila tukiipandisha jukwaani njooni, na mablanketi yenu.