Nilivyorudi nyuma fremu kwa fremu kwenye dampo la kifaa cha boti

Ukifungua dampo la kumbukumbu la programu iliyokufa, yaani nakala ya kumbukumbu yake ilipokufa, kisha ukaandika `bt`, dibaga (programu ya kuchunguzia makosa) hukupa orodha ya fanksheni, nani kamwita nani, kana kwamba imeikuta imeandikwa mahali. Haikuikuta. Imeipigia hesabu, mstari kwa mstari, na hesabu hiyo yaweza kuwa sahihi kabisa kwa rejista moja (kihifadhi kidogo cha thamani ndani ya prosesa) na kuwa ya kubahatisha kwa rejista nyingine ya fremu ileile. Fremu ni nafasi ya fanksheni moja kwenye staki, yaani rundo la kumbukumbu la fanksheni zilizoitwa. Mimi nilijifunza kuzitofautisha kwa sababu ya kifaa kilichokuwa kikifia baharini.

Kifaa chenyewe ni Raspberry Pi ndani ya kikasha cha plastiki, kipokezi cha GPS, na betri ya volti 12. Kazi yake ni kuandika boti imepita wapi, kwa ajili ya kikundi cha wavuvi wa hapa Lamu wanaotaka kujua mafuta yao yanaishia njia gani. Programu iliandikwa kwa lugha ya C na mtu aliyekwisha kuhama. Nilikabidhiwa binari (programu iliyokwisha kukompailiwa) iliyochujwa majina yote, imekompailiwa kwa `-O2`, yaani kwa kuongezwa kasi, pamoja na msimbo wa zamani usiolingana nayo. Nahodha alikuwa na maelezo yake tayari: "Mwanangu, bahari ikitulia chafanya kazi. Ikichafuka tu, chafa." Ilikuwa majira ya kusi, na bahari ilikuwa ikichafuka mara nyingi. Kila mtu pale gatini alikuwa na hakika kwamba ni waya unaotikisika.

Waya niliukaza, na kifaa kikaendelea kufa. Nikaruhusu dampo kwa `ulimit -c unlimited`, nikakirudisha kwa nahodha. Walipokwenda Faza kwa njia ya Mkanda kilikufa tena, na safari hii kiliacha dampo kwenye kadi.

Nalifungulia nyumbani, kwenye kompyuta yangu ya mapajani yenye prosesa ya aina nyingine, kwa hiyo ilinibidi nitumie `gdb-multiarch`, dibaga ya gdb inayoelewa prosesa za aina nyingi, na kunakili maktaba zote za kile kifaa, kisha kuielekeza dibaga huko kwa `set sysroot`. Hapa hakuna njia ya mkato. Libc, maktaba ya msingi ya C, lazima iwe ileile, baiti kwa baiti. Anwani zikihama kidogo tu, majedwali utakayoyasoma yatakuwa ya fanksheni nyingine, na orodha utakayoipata itapendeza macho na kudanganya.

`bt` ilitoa hivi: juu kabisa fremu tatu za libc zinazoishia kwenye `abort`, fanksheni ya kuiua programu, kisha fremu 3 isiyo na jina, alama za kuuliza mbili tu. Fremu 4 iliandikwa `<signal handler called>`. Fremu 5 ilikuwa ndani ya libc, karibu na `strtod`, fanksheni inayogeuza maandishi kuwa namba. Fremu 6 na 7 zilikuwa alama za kuuliza tena, halafu mwanzo wa programu. Mwandishi wa awali alikuwa ameweka fanksheni ya kukamata SIGSEGV, ishara inayotumwa programu ikigusa kumbukumbu isiyoruhusiwa; fanksheni hiyo huandika neno la buriani kwenye logi kisha kuita `abort`.

Kabla ya kwenda mbali, lazima ieleweke rejista za fremu zinatoka wapi. Fremu 0 peke yake ndiyo yenye rejista za kweli, zile ambazo kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, ilizinakili programu ilipokufa. Fremu 1 haina rejista popote. Dibaga hujiuliza: fremu 0 ingerudi sasa hivi kwa aliyeiita, rejista zingekuwa na nini? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyeshwa kuwa rejista za fremu 1. Za fremu 2 huulizwa kwa fremu 1, za fremu 3 kwa fremu 2, na kila swali huteremka hivyo mpaka likutane na thamani iliyowekwa kwenye staki au lifike kwenye rejista za mashine zenyewe.

Hili linawezekana kwa sababu ya makubaliano. Kwenye ARM ya biti 64, x19 mpaka x28 ni amana: fanksheni ikitaka kuzitumia, kwanza ihifadhi kilichomo, na kabla ya kurudi ikirudishe. Ni kama kuazima chungu cha jirani ukakikuta na mchuzi: unaumimina pembeni, unapika chako, kisha unarudisha chungu na mchuzi wake. Pembeni hapo ndiyo staki. x29 ni kielekezi cha fremu, na x30 hubeba anwani ya kurudi. Lakini x0 mpaka x17 si amana za mtu. Anayeitwa anaweza kuzichafua na asiulizwe. Kwenye x86-64 amana ni chache zaidi: rbx, rbp, na r12 mpaka r15.

Sasa, dibaga inajuaje mchuzi umewekwa wapi, na binari haina majina wala taarifa za msimbo? Hapa ndipo nilipofurahi. Amri ya `strip` huondoa majina na sehemu za `.debug`, lakini haiondoi `.eh_frame`, kwa kuwa sehemu hiyo hupakiwa pamoja na programu. C++ huihitaji programu ikiwa inaendeshwa, ili kushughulikia makosa yanayorushwa kutoka fanksheni moja hadi nyingine. Ndani yake mna majedwali yaliyoandikwa kwa mtindo wa DWARF, muundo wa taarifa za dibaga, na yanajibu swali moja kwa kila amri ya programu: tukiwa hapa, msingi wa fremu uko wapi, na kila amana imewekwa umbali gani kutoka kwenye msingi huo? Msingi wenyewe, ambao vitabu vya DWARF huuita CFA, ni thamani iliyokuwamo kwenye sp (rejista inayoelekeza kilele cha staki) ya aliyeita pale alipoita.

Nilitaka kuhakikisha kwa mkono. Nikatoa anwani ya kupakiwa kutoka kwenye pc ya fremu 6, yaani anwani ya amri iliyofikiwa, nikaendesha `readelf --debug-dump=frames-interp` juu ya binari, nikaitafuta safu yake. Mwanzoni mwa fanksheni msingi ni `sp+0`, hakuna kilichohifadhiwa. Baada ya amri ya kwanza, ile inayosukuma x29 na x30 kwa pamoja, msingi unakuwa `sp+48`, x29 iko `c-48` (c ni huo msingi) na anwani ya kurudi iko `c-40`. Amri chache baadaye x19 inatokea `c-32`, x20 `c-24`, x21 `c-16`. Kuanzia hapo ni kujumlisha na kutoa. sp ya fremu 6 ilikuwa 0x7fe4c1b2d0. Ongeza 48, yaani 0x30, unapata msingi 0x7fe4c1b300, ambao pia ndio sp ya fremu 7. Anwani ya kurudi imelala 0x7fe4c1b2d8, na x21 ya fremu 7 imelala 0x7fe4c1b2f0. Nilichungulia anwani hizo kwa `x/gx`, kisha nikaandika `info frame`: x21 ilikuwa palepale nilipoipata mimi.

Wako watakaosema ungeweza kufuata mnyororo wa x29 tu, maana pale inapoelekeza ndipo palipo x29 ya aliyetangulia, na baiti 8 mbele yake ndiyo anwani ya kurudi. Kweli, na ni haraka. Ndiyo sababu Fedora 38 ya mwaka 2023 na Ubuntu 24.04 ya mwaka 2024 zilirudi kukompaili vifurushi vyake na vielekezi vya fremu, kwa faida ya zana za kupima kasi. Lakini mnyororo huo hukupa nani kamwita nani, basi. Haukuambii x21 ilikuwa na nini, na mimi nilichokuwa nikikitafuta ni x21.

Vitu viwili vilinipotezea muda kwenye hizo fremu za juu. Cha kwanza ni `abort`. Fanksheni hiyo hairudi kamwe, na kompaila inalijua hilo, kwa hiyo baada ya amri ya kuiita haikuandika chochote. Anwani ya kurudi ya fremu 3 ilikuwa inaelekeza nje ya fanksheni, kwenye baiti ya kwanza ya fanksheni inayofuata. Ukilitafuta jedwali kwa anwani hiyo, unapata la jirani, na hesabu yote inaharibika. Dibaga hukwepa mtego huu kwa kupunguza 1 kwenye anwani ya kurudi kabla ya kutafuta, isipokuwa kwa fremu 0. Mimi nikifanya kwa mkono ilibidi nipunguze vilevile.

Cha pili ni fremu 4, na hii ndiyo iliyoniokoa. Ishara haikuitwa na fanksheni. Kerneli ilikatiza kazi katikati ya amri, ikapanga kwenye staki rejista zote bila kubagua, amana na zisizo amana, kisha ikaweka x30 ielekeze kwenye kijisehemu cha kurudia chenye amri mbili tu: kuweka 0x8b kwenye x8, na kuita kerneli. Dibaga huzitambua amri hizo mbili, ikajua kwamba hapa haihitaji jedwali la mtu, izisome rejista palepale kerneli ilipoziweka. Kwa hiyo fremu 5 ina x0 ya kweli, x1 ya kweli, kila kitu cha wakati wa ajali. Na hapo hakuna kupunguza 1, kwa kuwa pc ni ya amri yenyewe iliyoshindwa. Nikaandika `x/i $pc`: ilikuwa inasoma kumbukumbu kupitia rejista yenye sifuri. Mtu alimpa `strtod` kielekezi kitupu.

Nikapanda fremu 6, kisha 7, nikaandika `info registers`. Hapa ndipo watu huingia shimoni. gdb ilinionyesha x0 kwenye fremu 7 bila haya, na thamani yake ilikuwa sawasawa na ya fremu 5. Haikuwa x0 ya fremu 7. Jedwali halisemi lolote kuhusu x0, na dibaga isipoambiwa kitu hupitisha thamani ya fremu ya ndani kama ilivyo. Mara nyingine, pale jedwali linaposema wazi kwamba rejista imepotea, huandika `<not saved>`, na huo ndio uungwana. Siku hizi kwenye fremu za nje sisomi x0 mpaka x17 hata kwa kuchungulia, ila kwenye fremu iliyokatizwa na ishara.

x21 ilikuwa na anwani ya kumbukumbu. `x/s $x21` ilitoa `$GPRMC` ikanyamaza. Nikajaribu `x/80cb`, na sentensi nzima ya GPS ikatokea ikiwa imekatwakatwa: `$GPRMC`, sifuri, saa, sifuri, `V`, sifuri, kisha mikato sita mfululizo, tarehe, sifuri, mikato miwili, halafu `N` na tarakimu za uhakiki. Hizo sifuri ni nyayo za `strtok`, ambayo hukata kwa kuandika juu ya mkato. `V` maana yake kipokezi hakioni satelaiti za kutosha, na kikiwa hivyo huacha wazi nafasi za latitudo, longitudo na mwendo. Na `strtok` huruka mikato iliyofuatana kana kwamba ni mmoja. Basi kipande cha nne, ambacho programu ilidhani ni latitudo, kilikuwa tarehe. Cha tano, kilichotakiwa kusema kaskazini au kusini, kikawa ile `N` ya mwisho, na Lamu iko takriban digrii 2 kusini mwa ikweta! Cha sita, longitudo, hakikuwepo kabisa, na huyo ndiye aliyetumwa kwa `strtod`.

Kwa hiyo kifaa kilikuwa kinapoteza satelaiti. Lakini mawimbi hayazuii satelaiti. Nikateremka gatini nikamuuliza nahodha: "Ami, bahari ikichafuka, kile kidude mwakiweka wapi?" Akamgeukia kijana wake. Kijana akanyanyua kifuniko cha sanduku la chuma la spana, akanionyesha pembe moja iliyotandikwa kitambaa vizuri. "Si tuliambiwa kisilowe?"

Kwenye msimbo wa zamani fanksheni hiyo ya kuchambua sentensi za GPS ilikuwepo vilevile. Nimeondoa `strtok` nikaweka `strsep`, ambayo huheshimu nafasi tupu, na sasa sentensi yenye `V` huandikwa kwenye logi kuwa "hakuna satelaiti" bila kuchambuliwa zaidi. Ile fanksheni ya buriani nimeifuta. Ishara ikija, kerneli iache dampo yenyewe, na fremu 0 iwe palepale pa ajali. Binari ya boti bado naichuja ili iwe nyepesi, ila taarifa za dibaga za `-g` nazitoa kwanza kwa `objcopy --only-keep-debug` na kuziweka kwenye kompyuta yangu pamoja na libc iliyotumika. Kipokezi kimepata kikasha chake kisichopitisha maji, kimefungwa juu ya mlingoti mdogo wa nyuma, na sanduku limebaki na spana zake.