Kitu kisichokuwepo kinaharibikaje?

Siku ya nne leo na swali la mama mhasibu halijanitoka. Mkataba wangu umeongezwa mwaka mmoja, mahari ya mdogo wangu imepelekwa Bondo na kurudi na maneno ya mbuzi wawili waliopungua, na mimi nimeketi hapa Kondele, Kisumu, namjibu mtu ambaye pengine ameshasahau alichouliza.

Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, akatazama skrini nyeusi. "Lakini baba, si ulituambia hiyo mashine haipo? Kitu kisichokuwepo kinaharibikaje?"

Nikasema, "Hayo ni mambo ya kompyuta, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye risiti zake. Ile haya ndiyo inayoniuma.

Ningemwambia hivi: mashine haipo, mama, ni kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, lakini diski yake ipo. Ni faili moja tu, aina yake qcow2, imelala ndani ya seva iliyo chini ya meza yako. Mashine ya ndani imeambiwa ina GB 80, ila faili huanza ndogo, ikanenepa kadiri inavyoandikiwa. Alhamisi jioni, kabla ya kusasisha Ubuntu, mfumo wa mashine hiyo, nilipiga snapshoti, picha ya hali ilivyo, ndani ya faili hiyo hiyo. Tangu hapo kila kipande kinachobadilika huandikwa mahali papya na cha zamani kinabaki. Kerneli mpya, kiini cha mfumo, na vifurushi vyake vyote vikaingia, na seva ilikuwa imebakiza GB 3. Ikajaa. Ukiuliza df, amri ya kuonyesha nafasi, mle ndani unaonyeshwa nafasi tele. Ni QEMU, ile programu inayoiigiza, iliyoisimamisha mashine baada ya kukosa pa kuandika. Dawa ilikuwa kufuta takataka kwenye seva, kisha virsh resume, amri ya kuiendeleza mashine. Basi.

Mtu akaona imeganda, akachomoa waya ukutani.

Nilimkasirikia huyo mtu hadi Jumamosi. Kisha nikafungua mipangilio ya mashine kwa virsh edit nikakuta cache='unsafe', kazi ya mkono wangu mwenyewe, tangu siku ya kusakinisha nilipotaka mambo yaende mbio. Kwa mpangilio huo, mashine ya ndani ikisema "nisubirishe hadi hii ifike kwenye diski", inajibiwa "imefika" papo hapo, na hakuna kilichofika. Kile kidaftari cha ext4 (mfumo wa kupanga faili mle ndani), kinachoandika kazi kabla haijafanywa, kinategemea jibu hilo. Waya ukitoka, yaliyokuwa kwenye RAM ya seva yamekwenda, na daftari linataja vitu ambavyo havipo.

Havipo, mama. Ulikuwa umeuliza penyewe.

Ukarabati ulikula usiku mmoja. Nakala ya faili kwanza, kwenye diski ya nje, mashine ikiwa imezimwa. Qemu-img check -r all, amri ya kuikarabati faili, ikikosea hairudi nyuma, na ukiipitisha kwenye faili ya mashine inayotembea umejimaliza. Kwa hiyo check bila -r kwanza, ya kukagua tu. Vipande vilivyovuja si hatari, ni nafasi iliyopotea tu. Neno la kuogopa ni corruptions, nami nililipata. Hapo ndipo nikaipitisha ile -r all, kisha nikawasha kwa ISO, diski ya kuwashia, nikakarabati mfumo wa faili kwa e2fsck -f /dev/vda2, nikaunganisha /dev, /proc na /sys kwa mount --bind, nikaingia ndani ya mfumo wake kwa chroot, nikamalizia vifurushi kwa dpkg --configure -a, na kuunda initrd, faili ndogo ambayo kerneli huanza nayo, kwa update-initramfs -c -k all, maana ule ujumbe wa kosa, unknown-block(0,0), ulikuwa unasema kerneli mpya haina initrd. Hifadhidata sikuiamini hata kidogo. Nilirudisha ile nakala ya Jumatano usiku.

Jumatano usiku. Yaani Alhamisi nzima haikuwemo, na zile risiti alizorudia yule mama ndizo za Alhamisi, akiziingiza upya moja moja, bila kuniuliza ni kosa la nani.

Cache sasa ni none. Sijamwambia.

Mvua imeanza upande wa ziwa. Ule mwembe wa jirani unaoegemea paa letu bado sijampata wa kuukata, na upepo wa leo siupendi.